Potentiometa ya Redio

"Mimi ndiye nilimuua," Gatwiri alisema, kabla Sajini Ruguru hajavuta kiti akaketi.

Alikuwa ameletwa asubuhi hiyo kutoka Kiambere, alikokuwa amejificha kwa shangazi yake tangu Elphas, mpiga gitaa wa kanisa, aanguke mbele ya waumini gitaa likiwa bado shingoni. Viatu vyake vilijaa vumbi la Mbeere. Alikuwa msichana wa Meru mwenye kibanda cha kutengeneza redio, simu na vyombo vya muziki hapo Runyenjes. Au tuseme alikuwa nacho, maana siku ya mazishi vijana walikivunja wakabeba hata rafu.

Ruguru alishawahi kuhoji watu wengi waliotoroka. Wengi huanza kwa kukana, wakibanwa hukana tena, wakichoka huomba maji. Huyu hakuomba kitu. Macho yake hayakutoka mezani.

"Sikiliza, Gatwiri. Hujalazimishwa kusema lolote. Unachosema hapa kinaweza kuletwa mbele ya hakimu."

"Najua."

"Basi niambie ulimuua vipi."

"Alileta gitaa siku ya Ijumaa. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza. Akataka niweke potentiometa mpya, na akanilipa ya mpya. Sikuwa nayo. Kulikuwa na redio mbovu hapo dukani. Nikatoa ya ndani yake, nikaipangusa na spiriti, nikamwekea." Alijifunika mdomo kwa kola ya jaketi. "Nikamwambia imetoka Nairobi."

"Potentiometa ni kile kidude kilicho chini ya kitufe?"

"Ndiyo. Ukizungusha kitufe, chenyewe ndicho kinapandisha sauti au kuishusha."

Ruguru alikijua vizuri. Kabla ya kujiunga na polisi alisomea umeme katika chuo cha ufundi, na hiyo ndiyo sababu faili hili liliwekwa mezani pake. Lakini alitaka kusikia jinsi msichana anavyokieleza.

"Na kidude hicho kiliua vipi?"

Kwa mara ya kwanza Gatwiri aliinua uso. "Sijui. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Lakini hakuna mkono mwingine uliingia kwa hiyo gitaa. Niliweka kitu chafu, Jumapili akaishika, akafa. Shangazi alikuwa na video ya mazishi kwa simu. Mwalimu Naftaly alisema mtoto wake ameuawa na tamaa ya mtu mmoja. Nikasema moyoni, huyu mzee amenijua."

Mlango ulifunguliwa. Chifu Inspekta Ngari aliingia nusu mwili, akaashiria kwa kidole. Ruguru alimfuata ukumbini.

"Nimesikia," Ngari alisema kwa sauti ya chini. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Nitachukua hiyo taarifa ya kukiri mimi mwenyewe. Mchana anasimama mbele ya hakimu. Mwalimu Naftaly na wazee wa kanisa wamepiga simu tena leo. Waambie kazi imekwisha."

"Afande, amekiri kuweka potentiometa ya redio."

"Si ndiyo hiyo?"

"Amekiri kudanganya mteja. Sijui kama hiyo inaua mtu. Naye pia hajui."

Ngari alimtazama. "Gitaa tunalo tangu siku ya kwanza, Sajini. Hukulifungua?"

"Sikulifungua, afande."

"Kwa nini?"

Jibu lenyewe lilikuwa baya. Mwalimu Naftaly Nthiga, baba yake Elphas, alimfundisha darasani. Siku ya kifo alimkuta mzee huyo ameketi kwenye ngazi za kanisa, koti limelowa mvua, akamsomesha kesi nzima kama alivyokuwa akimsomesha hesabu za mgawanyo: gitaa lilitengenezwa Ijumaa, mwanangu kafa Jumapili, fundi ametoroka. Ruguru akaandika hivyo hivyo. Akabeba gitaa, akaacha ampu ya kukuzia sauti, nyaya na kila kitu kingine pale madhabahuni, kisha akatangaza kwamba anamtafuta Gatwiri. Hakumuuliza mzee swali hata moja.

"Nipe muda kabla ya gari la korti kuondoka," alisema.

"Ukichelewa, anaenda."

Gitaa lilikuwa kwenye chumba cha vielelezo, limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Ruguru alilileta chumba cha mahojiano, akaleta na maltimita yake ya kupimia umeme, bisibisi, na chuma cha kulehemu. Akamfungua Gatwiri pingu. Alitaka msichana aone kila kitu kikifanyika, na askari wa zamu asimame mlangoni awe shahidi.

Alifungua kifuniko cha nyuma. Ndani kulikuwa na potentiometa mbili, moja ya sauti na nyingine ya kulainisha mlio, kila moja ina miguu mitatu midogo na mgongo wa bati.

"Ukizipima zikiwa bado zimeunganishwa, utapata hesabu ya uongo," Gatwiri alisema, kisha akanyamaza kana kwamba amekosa adabu.

"Najua. Natoa miguu kwanza."

Alipasha chuma, akaachanisha nyaya kwenye miguu, akageuza mita upande wa kupima ukinzani. Akaanza na ile ambayo Gatwiri hakuigusa. Ncha moja mguu wa kwanza, nyingine mguu wa tatu. Mita ilionyesha kilo-omu mia nne tisini na kitu. Mgongoni pake kiwanda kilikuwa kimepiga chapa ya mia tano.

"Hii ni nzima," Ruguru alisema. Akahamisha ncha moja kwenye mguu wa kati, akazungusha kitufe polepole. Namba zilipanda toka sifuri bila kuruka, zikashuka vile vile.

Kisha akageukia ile ya sauti. Mguu wa kwanza kwa wa tatu: arubaini na sita.

"Iliandikwa hamsini," Gatwiri alinong'ona. "Nilikwangua hiyo chapa na kisu ili asione."

Kweli mgongoni palikuwa na mikwaruzo. Ruguru alihamia mguu wa kati, akazungusha. Namba zilipanda, zikaruka, zikapotea kabisa kwenye kioo, zikarudi. Katikati ya mzunguko njia ya ndani ilikuwa imelika.

"Jumapili lazima lilikuwa linakwaruza kuliko mwanzo," Ruguru alisema.

"Na sauti ilikuwa imekufa," Gatwiri alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila kilio. "Hiyo ya hamsini inameza mlio wa gitaa. Alijua. Alikuwa na masikio, Elphas. Lazima alijua nimemchezea, na akaja kanisani akapiga hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa Jumapili."

Ruguru alimpa muda wa kupangusa uso. Kisha akaendelea, kwa sababu bado hakuwa amefika kwenye swali lenyewe. Alipima kila mguu dhidi ya mgongo wa bati. Hakuna njia. Akapima mgongo wa bati dhidi ya nyuzi. Mita ililia mlio mrefu, sifuri.

Askari wa mlangoni alisogea. "Hapo ndipo kuna shida?"

"Hapana. Ndivyo palivyotengenezwa. Kila gitaa la umeme, nyuzi zake zinaungana na bati hili, bati linaungana na waya wa nje, na waya unaenda mpaka kwenye mwili wa ampu. Inapunguza kelele." Ruguru aliweka ncha za mita mezani. "Gatwiri, nijibu kama fundi. Gitaa hili lina betri?"

"Halina."

"Lina umeme wake wowote?"

"Hapana. Linatoa kidogo sana, hata balbu ya tochi haiwezi kuwaka."

"Sasa ukiweka humu potentiometa nzima, au mbovu, au ukiweka msumari, umeme wa kuua mtu utatoka wapi?"

Msichana alitazama gitaa kwa muda. "Utoke nje," alisema hatimaye. "Uje na waya."

"Uje kutoka kwa ampu."

"Lakini ampu hata sijawahi kuiona."

"Ndiyo," Ruguru alisema. "Mimi niliiona. Niliiacha hapo hapo."

Alimrudisha Gatwiri seli, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kumpeleka kwingine. Msichana alitembea mbele yake. Alipofika kizingitini aligeuka. "Sajini, hata kama si mimi, bado nilimdanganya."

"Hilo tutaliongea. Kwa sasa usitie sahihi karatasi yoyote."

Kanisa lilikuwa juu kidogo ya mji, barabara ya majani chai. Kiunga, mpiga gitaa la besi wa kwaya, ndiye aliyekuwa na funguo. Aliacha kaunta ya duka lake la mbolea na dawa za mifugo, akaja na pikipiki, bado amevaa dasti koti lake la kazi. Alikuwa kijana mrefu mwenye mazoea ya kucheka kabla ya kusema. Leo hakucheka.

"Nimesikia mmeshika yule msichana," alisema akifungua.

"Tumemshika. Ampu iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya kinanda, imefunikwa kitambaa cha meza. Ruguru alichukua plagi yake, akaweka ncha moja ya mita kwenye ule mguu mrefu wa plagi, ambao kazi yake ni kupeleka umeme uliopotea ardhini, na nyingine kwenye bati la mwili wa ampu. Mlio, sifuri. Akajaribu mguu unaoleta umeme, ule wa moto, dhidi ya bati. Kimya. Akarudia mara kadhaa akitikisa waya. Kimya.

Alikaa juu ya sakafu, maltimita magotini. Alikuwa amekuja akiamini ampu ndiyo iliyovuja. Ampu ilikuwa nzima.

"Siku ile alishika nini?" aliuliza. "Nionyeshe."

Kiunga alisimama pale Elphas alipokuwa amesimama. "Mkono wa kushoto kwa nyuzi. Kulikuwa kumenyesha, tulikuwa tumeingia na matope, hapa sakafu yote maji. Alianza kuimba, akasogea kwa maiki. Mdomo ukagusa chuma ya maiki." Akaonyesha sakafu. "Basi."

Hilo lililingana na ripoti ya daktari: alama za kuungua kwenye vidole vya kushoto na kwenye mdomo.

"Maiki inachomekwa wapi?"

"Kwa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Na mikisa iko kwa soketi ya ukuta."

"Na ampu?"

"Ampu iko kwa ekstensheni, ule waya wa kurefushia. Haifiki ukutani."

Kiunga aliinama ghafla, akaanza kukunja kile kitambaa cha meza vizuri, pembe kwa pembe. Ruguru alimtazama akikikunja, akikikunjua, akikikunja tena.

"Kiunga. Kuna kitu hukusema."

"Uliniuliza kama niliona fundi akija hapa. Nikasema sikumwona. Hiyo ilikuwa kweli."

"Sasa nakuuliza lingine. Wewe umewahi kupigwa na stima hapa?"

Kitambaa kilisimama. "Alhamisi," alisema. "Siku ya mazoezi. Elphas hakuwepo, alikuwa ameenda Embu kwa dada yake, mtaa wa Dallas. Ampu yangu ilikuwa na shida, nikachomeka besi kwa hii. Nikashika stendi ya maiki nisogeze, nikasikia mkono wote unatetemeka. Nikaruka. Wengine wakacheka."

"Alhamisi. Kabla gitaa la Elphas halijaenda kwa fundi."

"Ndiyo."

"Na besi yako ilishafunguliwa na Gatwiri?"

"Haijafunguliwa na mtu tangu ninunue."

Ruguru aliinuka. "Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Ningesemaje? Mwezi uliopita nilikosa ibada, wakasema naogopa kazi ya Mungu. Nikiongeza ati naogopa ampu?" Alitazama viatu vyake. "Nilivaa viatu vya mpira Jumapili, afande. Mimi nilijikinga. Nilijikinga na sikumwambia Elphas. Tulikuwa tumesimama hivi, bega kwa bega."

Ruguru akauliza alichotakiwa kuuliza kitambo. "Hiyo ekstensheni ilikuwa mpya?"

"Ya zamani iliungua. Hiyo ililetwa wiki hiyo hiyo."

"Nani aliileta?"

Kiunga alimtazama kana kwamba anamwomba asilisikie jibu. "Si ni Mwalimu. Alitutengenezea yeye mwenyewe, akasema kanisa lisitumie pesa. Mzee wa kanisa akaiombea hapa mbele. Hata siku ya mazishi tulitumia hiyo hiyo, ni vile tu maiki ya siku hiyo haikuwa na waya."

"Iko wapi?"

"Aliichukua akaenda nayo nyumbani baada ya kuzika."

Nyumba ya Mwalimu Naftaly ilikuwa katikati ya mibuni, ukumbi wake umepakwa rangi ya kijani. Turubai la matanga lilikuwa bado halijaondolewa uani. Mzee alitoka akiwa amevaa koti na tai, kama mtu anayetarajia kuitwa.

"Ruguru, mwanangu. Nimeambiwa amekiri. Ngoja nichukue kofia, twende nikamsikie akisema mbele ya hakimu."

"Mwalimu, kwanza nataka kuona ekstensheni uliyolitengenezea kanisa."

"Ekstensheni?" Alishangaa kwa dhati. "Iko hapo. Mama anaitumia kwa vifaranga."

Ilikuwa kwenye pembe ya ukumbi: kisanduku cha mbao kilichopakwa vanishi, soketi nne zimepangwa sawasawa, kazi safi ya mtu mwenye subira. Balbu ya kupasha vifaranga joto ilikuwa imechomekwa humo, na waya wake ulining'inia juu ya boksi la katoni lililojaa milio. Waya wa ekstensheni ulipita dirishani mpaka kwenye soketi ya ukuta sebuleni.

"Nani ameigusa tangu siku ile?"

"Hakuna. Ni balbu tu."

Ruguru aligeuza mita upande wa kupima volti. Dirisha lilikuwa wazi na soketi ya ukuta ilikuwa chini yake, ina nafasi ya plagi ya pili iliyo tupu. Alitia ncha moja kwenye tundu la ardhini la ukuta, lile la juu. Nyingine akaitia kwenye tundu la ardhini la kile kisanduku. Matundu hayo mawili yalipaswa kuwa kitu kimoja, na mita ilipaswa kuonyesha sifuri.

Ilionyesha mia mbili thelathini na nane.

Alitoa ncha, akarudisha. Mia mbili thelathini na nane.

"Namba gani hiyo?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa ameinama kando yake, mikono nyuma, jinsi alivyokuwa akiinama juu ya madawati.

Ruguru alichomoa plagi ukutani kwanza. Mwanga wa balbu ukazimika. Akafungua skrubu za kisanduku, akafungua na plagi. Waya ulikuwa na nyuzi mbili tu ndani yake, badala ya tatu. Kwenye kisanduku, kipande kifupi cha shaba kiliunganisha tundu la ardhini na tundu la kurudisha umeme. Kwenye plagi, nyuzi hizo mbili zilikuwa zimebadilishana mahali.

"Mwalimu, hiki kipande uliweka cha nini?"

"Ule waya niliokuwa nao stoo ulikuwa wa nyuzi mbili. Nikaona tundu la tatu lisibaki hivi hivi. Nikaliunganisha na hili." Alikuwa bado anaeleza kwa sauti ya mtu anayejua. "Nilijaribu na balbu, ikawaka. Nikajaribu na redio, ikaimba."

"Kila kitu kingewaka. Hata ampu iliwaka." Ruguru alijilazimisha kumtazama usoni. "Kwenye plagi umeme wa moto uliingia kwenye waya ambao ungepaswa kuurudisha. Ukafika hapa, ukavuka kwa hiki kipande, ukaingia kwenye tundu la ardhini. Kutoka hapo ukaenda kwenye bati la ampu. Kutoka kwenye bati la ampu..."

Hakumaliza. Mzee alikuwa amenyoosha mkono akishikilia nguzo ya ukumbi.

"Nyuzi za gitaa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Na maiki ilikuwa imeungana na ardhi ya ukutani, ndipo umeme ukapata pa kupitia."

"Na yule msichana?"

"Aliweka kifaa cha bei rahisi. Kingeharibu sauti tu. Kiunga alipigwa na stima hii Alhamisi, kabla gitaa halijafunguliwa. Nimepima gitaa, nimepima ampu. Ni hapa." Kisha akaongeza, kwa sababu haki ilimtaka aongeze: "Ningepima siku ile ile. Sikupima kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaniambia mambo, na mimi nikashindwa kukuuliza."

Nyuma yao palisikika sufuria ikiwekwa chini. Mama Cicily, mke wa Mwalimu, alikuwa mlangoni, leso kichwani. Hawakujua amesimama hapo tangu lini.

"Nilikuambia tununue ya duka," alimwambia mumewe.

Hakupaza sauti. Alipita katikati yao, akachutama kando ya boksi, akaanza kuwaweka vifaranga ndani ya leso nyingine aliyokuwa amejifunga kiunoni. Alipojaza leso alienda jikoni kwenye moto, akarudi kuchukua waliobaki.

"Cicily," mzee alisema.

Mama alipita. Hakumtazama.

Ruguru alitoka hadi kwenye mibuni akampigia Ngari. "Afande, asiende kortini. Narudia, asiende. Nina kifaa chenyewe na nina aliyekitengeneza."

Ngari aliuliza ni nani. Alipoambiwa, akauliza: "Atashtakiwa?"

"Nitaandika nilichopima. Faili litaenda kwa mwendesha mashtaka, aamue yeye."

Mwalimu alikuja kwenye gari mwenyewe, bila kofia. Aliketi nyuma, kisanduku cha mbao ndani ya mfuko wa vielelezo kando yake, akakigeuzia kisogo mpaka mjini.

Kituoni alitoa taarifa yake kwa sentensi fupi fupi zilizonyooka. Alikataa kusaidiwa kuchagua maneno. Alipotia sahihi aliomba amwone Gatwiri. Ruguru alitaka kumkatalia, lakini msichana alikuwa tayari analetwa kaunta kuchukua mshipi wake na simu yake, na wakakutana hapo mbele ya watu waliokuja kuripoti kuibiwa mbuzi na kupotelewa vitambulisho.

Gatwiri alipomwona alirudi nyuma mpaka ukutani. Kisha akapiga magoti.

"Mwalimu, nisamehe. Nilimdanganya Elphas. Alinilipa..."

"Inuka," mzee alisema. "Tafadhali. Usinipigie magoti mimi." Maneno yaliyofuata yalitoka makubwa kuliko alivyokusudia, kwa sauti ya darasani, na ukumbi mzima ukageuka. "Ni mimi. Ekstensheni niliitengeneza mimi. Mtoto wangu aliuawa na kazi ya mikono yangu, na wewe nilikusingizia mbele ya kaburi lake."

Askari wa kaunta alijifanya kutafuta kalamu.

Gatwiri aliinuka taratibu akishika ukuta. Hakuonyesha furaha. Alitazama mshipi mkononi kama asiyejua unavaliwaje.

"Naweza kwenda?" alimuuliza Ruguru.

"Unaweza. Utakuja kuandika kuhusu ile potentiometa kama shahidi." Ruguru alikuwa ameandaa maneno garini, mazuri, yaliyopangika. Hayakuja hata moja. "Nilikukosea, Gatwiri. Nilikutafuta wewe kabla sijatafuta kilichomuua."

Msichana aliitikia kwa kichwa.

"Nitakusindikiza hadi kibanda kilipokuwa. Watu sokoni..."

"Usinisindikize." Alisema bila ukali. "Ukitembea na mimi watasema umenikamata tena."

Ruguru alibaki amesimama hapo, mkono umeshika funguo za gari. Lilikuwa jambo la kweli, na hakukuwa na cheo wala barua ambayo ingelibadilisha mchana huo.

"Basi acha nitangulie mimi," Mwalimu Naftaly alisema.

Alitoka kabla hawajamjibu. Ruguru alimfuata hadi getini, akamwona akishuka barabara kuelekea soko, kichwa wazi juani. Alisimama kwenye kibanda cha kwanza, cha mama muuza ndizi, mmoja wa waliokuwa wakishangilia kibanda cha Gatwiri kikivunjwa. Alisema naye kidogo. Mama huyo alijishika mdomo kwa mikono miwili. Mzee hakungoja kufarijiwa; alivuka akaenda kwa muuza nyama, akasimama hapo, akasema tena, kisha kwa kinyozi, kisha kwa vijana wa bodaboda waliokuwa wameketi juu ya pikipiki zao.

Vijana hao walisikiliza. Mmoja aliteremka kutoka kwenye kiti, akatazama chini.

Gatwiri alimpita Ruguru getini. Alijifunga mshipi, akavuta kofia ya jaketi kichwani, akasimama. Mzee alipofika mlango wa sita au wa saba, msichana aliishusha tena ile kofia mabegani, akaanza kutembea.